Kwa Nini Nyanya Yangu Bado Huita Kisii Bosongo

Mwaka jana tovuti moja ya utalii ilinipa kazi: vivutio kumi vya Kisii na Nyamira, kila kimoja na aya mbili na picha, malipo kwa idadi ya maneno. Kwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili na kurudi nyumbani na begi moja, hiyo si kazi ya kukataa. Nilijipa siku mbili. Mimi ni wa huku bwana, nimezaliwa huku, nani aniambie Kisii?

Nikaandika vivutio tisa. Cha kumi ndicho kilichonishinda, na ndicho kimeleta makala haya.

Nyumbani kwetu ni upande wa Manga, kaunti ya Nyamira, chini ya ule ukuta wa mawe ambao kila Mgusii anaujua hata kama hajawahi kuupanda. Asubuhi ya kwanza nikitoka na simu yangu kwenda kupiga picha, Magokoro, yaani nyanya yangu, aliniuliza kutoka jikoni, "Unaenda Bosongo?" Nikaitikia. Nimeitikia swali hilo tangu nikiwa mtoto. Lakini siku hiyo, pengine kwa sababu nilikuwa nalipwa kwa neno, nililisikia upya. Mkoloni ameondoka tangu 1963. Nyanya yangu anaenda mjini kuuza ndizi kwa Wagusii wenzake, na bado anasema anaenda kwa Wazungu.

Maana Bosongo ni hivyo. Mzungu kwa Ekegusii ni omosongo, wengi ni abasongo. Ukitaka kutaja mahali watu fulani wanapokaa unaanza na bo-. Bobasi ni nchi ya Ababasi, Bonchari ya Abanchari, Bomachoge ya Abamachoge. Sasa tazama walichofanya wazee wetu. Watu wageni walikuja, wakajenga boma juu ya kilima, na wazee wakawapa jina kwa sarufi ile ile ya koo zao. Wakawahesabu kama ukoo mwingine uliopata kipande cha ardhi, na nchi yao wakaiita Bosongo. Wenye mji huo walikuwa na bunduki na walitoza kodi, lakini katika lugha walikaa kwenye mstari mmoja na Ababasi.

Mahali penyewe pana jina lingine la zamani, Getembe, na wengi bado wanalitumia, hasa wakijivunia mji. Kisii ni jina la tatu. Hilo ni Gusii lililopita katika midomo ya wageni, askari na makarani, likatoka limebadilika, likaandikwa kwenye ramani. Kwa hiyo mtu akikuambia ametoka Getembe, mwingine Bosongo na wa tatu Kisii, wote wametoka steji moja.

Kuna masimulizi ya Sakawa, mtabiri aliyeishi kabla ya Wazungu kufika. Inasemwa aliwachukua watu hadi Getembe, wakati huo pakiwa vichaka na malisho, akawaonyesha kwa mkono: hapa patajengwa nyumba hii, pale ile, na watatokea watu wa ajabu. Wengine wanaongeza kwamba hakufa, alitoweka. Nilipokuwa mdogo nilimwamini kabisa. Siku hizi sina haraka ya kumcheka, maana mji ulikuja kweli, na watu waliokuwepo walihitaji kuamini kwamba kuna mmoja wao aliyejua mapema.

Waingereza hawakuanzia Kisii. Kituo chao cha kwanza upande huu kilikuwa Karungu, chini kando ya ziwa, penye joto na mbu. Mwaka 1907 wakahamia huku juu, mita zipatazo 1,700, penye baridi na mvua ambayo kwa kweli haina adabu hadi leo. Lakini walikuwa wameshabisha hodi kwa njia nyingine. Mwaka 1905 kikosi chao kiliingia Gusii na bunduki ya rashasha, na watu waliojitokeza na mikuki wakauawa kwa wingi. Boma la 1907 lilijengwa miaka miwili tu baada ya hapo. Aliyekuwa msimamizi wake ni kijana aliyeitwa Geoffry Northcote. Wagusii wakashindwa na jina hilo, au wakakataa kujisumbua nalo, wakamwita Nyarigoti.

Mwezi wa Januari 1908, Northcote alikuwa njiani Kitutu, katika shughuli ya kutwaa ng'ombe za watu, alipochomwa mkuki mgongoni. Aliyeutupa mkuki ni Otenyo Nyamaterere. Na aliyewachochea vijana, kwa masimulizi ya kila mzee niliyewahi kumsikia, ni Moraa, mwanamke mganga na mtabiri, mtu wa jamii ya Otenyo, aliyewauliza wanaume wa Kitutu kama kweli ni wanaume. Darasani kwetu shule ya msingi tulikuwa na Moraa watatu. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia jina hilo lilibebwa na nani.

Northcote hakufa. Alitibiwa, akapona, akapanda cheo. Huyu mtu aliyechomwa mkuki kwenye njia ya ng'ombe huko Kitutu alikuja kuwa gavana wa British Guiana, halafu gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941. Huko Hong Kong chuo cha ualimu kilipewa jina lake. Nilipogundua hilo nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha chai, na nilimwambia mama mwenye kibanda kana kwamba ni habari ya jana: yule Nyarigoti, unajua alifika Hong Kong? Akaniuliza kama naongeza andazi.

Wagusii ndio waliolipa. Kikosi kilitumwa tena, vijiji vikachomwa, ng'ombe kwa maelfu wakachukuliwa, watu wakapigwa risasi huku upande wa pili ukiwa haupotezi mtu. Ilizidi kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni mjini London, na si mtu wa kusifiwa kwa huruma kwa watu weusi, aliandika Februari 1908 akilalamika kwamba mambo haya yanafanana na machinjio, na kuuliza kama kweli kuna haja ya kuendelea kuua watu wasio na uwezo wa kujitetea. Nimelisoma lalamiko hilo mara nyingi. Linanisaidia kidogo tu, kwa sababu lilifika wakati wafu wameshazikwa.

Otenyo alikamatwa akauawa. Wazee husimulia kwamba alipigwa risasi hadharani, watu wakiwa wamekusanywa kutazama, mahali palipo uwanja wa michezo wa Gusii leo, na kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa London. Mwili bila kichwa ndio ulioachwa. Familia yake na viongozi wa jamii wamekuwa wakikidai kichwa hicho miaka mingi.

Hapo ndipo orodha yangu ilipokwama. Nilitaka kivutio cha kumi kiwe Otenyo. Nikamwandikia mhariri wa tovuti. Akajibu haraka, kwa upole kabisa: sawa, tuma picha ya mahali. Mahali gani?

Basi nikazunguka mji nikitafuta, na katika kutafuta nikaanza kuona vile vivutio vyangu tisa kwa jicho lingine.

Chukua hospitali ya rufaa. Kila mtu wa huku amezaliwa pale, au amelazwa pale, au amemngojea mtu pale nje kwenye jua akila ndizi. Ilianza 1916, na haikuanza kwa ajili yetu. Ilikuwa zahanati ya askari wa Vita vya Kwanza. Vita yenyewe ilikuwa imefika mjini mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Septemba 1914, mwezi mmoja tu baada ya Ulaya kuwaka, jeshi la Wajerumani lilivuka kutoka koloni lao, Tanganyika ya baadaye, likaingia Kisii. Waingereza wakakimbia. Tarehe 12 Waingereza wakarudi na askari wa King's African Rifles, wakapigana nao kwenye hivi vilima siku nzima, na jioni pande zote mbili zilikuwa zimeumia kiasi kwamba kila mmoja alirudi nyuma akidhani ameshindwa.

Kwa hiyo kwa muda mfupi Bosongo haikuwa na mwenyewe. Miaka sita na miezi baada ya mkuki wa Otenyo, watu walitazama kilimani wakaona wale wazungu wa kwanza wamekimbia, na wale wa pili nao wameondoka. Wakaingia mjini wakabeba. Maduka, ofisi, misheni, kila kitu chenye mlango kilipitiwa. Naelewa kabisa. Nadhani hata ningekuwepo ningebeba angalau kiti. Tukio hili hunichekesha kila mara, halafu naacha kucheka, kwa sababu Waingereza walirudi na bili yao ilikuwa ile ile ya 1908: ng'ombe, na safari hii vijana pia, waliochukuliwa kwa nguvu kuwa wabeba mizigo wa jeshi. Hao ndio Carrier Corps, waliotuachia jina la Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Wabeba mizigo wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko risasi. Kisii hakuna mtaa wenye jina lao.

Kuna mtaa wa Nubia lakini. Wanubi ni wazao wa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza, na walipostaafu wakaachwa kukaa kando ya maboma waliyoyalinda, Kibera ikiwa ndiyo maarufu. Kisii nao wamo, mtaa wao uko mjini kabisa, na mtoto wa pale anaongea Ekegusii cha kukushangaza. Ukitembea dakika chache kutoka Nubia utasikia adhana, kisha kwaya ya Waadventista, kisha honi ya matatu ya Kisumu ikikuita kana kwamba una deni.

Waadventista ni habari ndefu ambayo nitaikata. Wao wapo Nyanchwa, kilima kinachoutazama mji, na Wakatoliki wapo Nyabururu, njia ya kwenda Kisumu. Wote walifika kabla ya vita ya 1914, na misheni zote mbili ziliguswa na yale mambo ya viti. Kutokana nao, Mgusii wa leo akikutana na Mgusii mwenzake ugenini huuliza ukoo halafu huuliza siku ya ibada. Jumamosi mji hupoa ghafla, nusu ya maduka ya jamaa zangu yamefungwa. Ukitaka kuuona mji ukiwa mji kweli njoo Daraja Mbili siku ya soko, ndizi zimelala kwa mikungu, chinsaga na managu zimefungwa mafungu, parachichi za kwenda Nairobi, na akina mama ambao hawana haja ya kikokotoo. Daraja Mbili nilikipa aya mbili. Kingestahili kumi.

Tabaka nayo nilimaliza haraka, sio kwa dharau. Mawe ya sabuni ya Tabaka yamefika mbali kuliko mtu yeyote wa ukoo wangu: ndege wa amani wa mchongaji Elkana Ong'esa yuko makao makuu ya UNESCO, Paris, tangu 1978. Ila mtalii akifika Tabaka anaona wanaume wakichonga, na mara chache anawaona kina mama walioketi nyuma na beseni za maji wakisugua jiwe kwa msasa mpaka ling'ae, ambao vumbi huwakaa kwenye nguo, kwenye nywele, na nadhani kwenye mapafu. Niliweka sentensi moja juu yao. Ilikatwa kwa sababu ya nafasi.

Manga ndicho kivutio nilichokiandika kwa raha zaidi, kwa kuwa ni nyumbani. Siku isiyo na ukungu, ukiwa juu ya ule ukuta, unaona hadi ziwani. Mawe yake yana mapango na mashimo ambayo tulikatazwa kuyakaribia na kila mtu mzima, na kila mtu mzima alikuwa na sababu yake. Mhariri akaniuliza: hiki niweke chini ya Kisii au Nyamira? Swali dogo hilo ukilijibu kwenye baraza la wazee chai inapoa. Nyamira ilikuwa Kisii tu mpaka ilipotengwa kuwa wilaya yake mwishoni mwa miaka ya 1980, na kaunti mbili zikaanza kazi 2013. Kule Keroka mpaka umepita katikati ya mji, na kaunti hizi zimegombana kuhusu nani akusanye ushuru wa soko. Na hata hiyo Kisii moja ya zamani ilikuwa kitu cha kuundwa: kwa miongo mingi mji huu ulikuwa makao makuu ya wilaya nzima ya South Kavirondo, Wajaluo na Wakuria wakiwa ndani. Wakaja kuletea mji huu kesi zao, kodi zao na watoto wao wa shule. Kwa hiyo wanaosema Kisii ni ya Wagusii peke yao hawajaulizia ni nani walikuwa kwenye foleni.

Hebu turudi kwa Otenyo.

Mwisho nilienda uwanjani. Gusii Stadium ni uwanja wa Shabana, na hakuna Mgusii asiyejua Shabana hata kama hapendi mpira. Ni timu iliyoanzishwa 1980, ikateremka, ikakaa gizani miaka mingi, ikarudi ligi kuu 2023, na siku iliporudi watu wazima walilia hadharani. Wimbo wa mashabiki ni maneno mawili, Tore Bobe, ambayo nitayafasiri ovyo kuwa iwe mbaya basi, liwalo na liwe. Nilifika siku ambayo hakukuwa na mechi. Mlinzi, mzee mwenye koti zito juani, alinifungulia geti nilipomwambia naandika habari za kale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unaandikia gazeti gani?"

Nikamwambia si gazeti, ni mtandao. Akaonekana kunihurumia. Nikamuuliza kama anajua mahali Otenyo alipouawa. Hakushangaa hata. Akanyoosha mkono kuelekea upande mmoja wa uwanja, kisha akafikiri, akaunyoosha upande mwingine. "Huku," akasema. "Ama pale. Baba alikuwa anasema ni hapa ndani."

Tulisimama tukitazama nyasi. Uwanja ulitengenezwa upya kabla ya Mashujaa Dei ya 2020, maana mwaka huo sherehe ya kitaifa ya tarehe 20 Oktoba ilifanyiwa pale pale. Rais alikuja, gwaride likapita, nchi nzima ikatazama kwa runinga. Siku ya mashujaa, juu ya nyasi hizo. Nilikuwa nimeitazama nyumbani na Magokoro, na sikumbuki kuwaza lolote zaidi ya mvua.

Sisi si wa kwanza kudai kichwa. Fuvu la Mkwawa wa Wahehe lilirudi Kalenga, karibu na Iringa, mwaka 1954, na kudaiwa kwake kuliwekwa hadi ndani ya mkataba wa Versailles, jambo ambalo bado huniacha mdomo wazi: mabwana wa Ulaya wamekaa kugawana dunia na wameandika kifungu kuhusu fuvu la chifu mmoja. Wanandi, majirani zetu, walimpoteza Koitalel arap Samoei 1905, miaka mitatu kabla ya Otenyo. Kichwa chake nacho kinasemekana kilichukuliwa. Fimbo zake zilirudishwa 2006 na mtoto wa afisa aliyemuua, na Nandi Hills sasa wana jumba la kumbukumbu ambalo basi la shule linaweza kuegeshwa nje. Songea, Tanzania, bado wanasubiri kichwa cha Songea Mbano, lakini angalau Novemba 2023 rais wa Ujerumani alikwenda mwenyewe, akasimama mbele ya familia, akaomba msamaha.

Kisii kuna mlinzi mwenye koti anayeonyesha pande mbili. Nasema hivyo bila kumdharau. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa jumba la makumbusho lote.

Kuna watakaosema kichwa cha mtu mmoja si shida kubwa katika mji wenye shida ya maji na barabara zilizochimbika. Nimeisikia hoja hiyo kwenye familia yangu, kutoka kwa mjomba ninayemheshimu. Ila mjomba huyo huyo, alipofiwa na ndugu yake Mombasa, alichangisha kwa wiki mbili ili maiti isafirishwe usiku kucha ije izikwe nyuma ya nyumba, kwa sababu kwetu mtu hazikwi popote tu. Hakuna aliyemuuliza kuhusu barabara.

Nilipiga picha ya nyasi, goli kwa nyuma, na kona ya koti la mzee kwa bahati mbaya. Nikaandika aya mbili. Baada ya siku tatu mhariri akanirudishia: picha haionyeshi kivutio, tafadhali badilisha. Nikamwambia abaki na tisa. Akanilipa tisa, na sina ugomvi naye, kazi ni kazi.

Jioni ile nilipofika nyumbani Magokoro alikuwa anachambua chinsaga. Nikamweleza safari yote: mlinzi, nyasi, Hong Kong. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Nikamuuliza kwa nini anaendelea kuuita mji Bosongo na abasongo walishaondoka zamani.

"Si bado kuna kitu chetu hawajarudisha," akasema, akanisogezea fungu la majani nimsaidie.